Kabla Hujatoa Kopi, Soma Ruhusa

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo walimu, wakufunzi na waandaaji wa masomo hukutana nalo karibu kila wiki, na mara nyingi hulipita bila kulizingatia. Ni suala la ruhusa ya kutumia kazi ya mtu mwingine katika kufundishia. Fikiria mchoro wa moyo uliochukuliwa intaneti na kubandikwa kwenye somo la biolojia, sura tatu za kitabu zilizotolewa kopi steshenari na kugawiwa darasa zima, maswali ya mtihani wa majaribio yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, au hadithi ya Kiingereza iliyotafsiriwa ili watoto wa darasa la pili waielewe. Kila kimoja kati ya hivyo kina mtu aliyekitunga, na kina masharti yake. Tumezoea kuyataja masharti hayo kwa lugha ya vitisho: faini, mahakama, kunyang'anywa mashine. Hoja yangu iko kwingine. Somo lililojengwa juu ya ruhusa iliyo wazi linaweza kwenda mbali. Litachapishwa, litatafsiriwa, litarushwa redioni, litawekwa kwenye tovuti ya chuo, na mwalimu wa wilaya nyingine ataliboresha. Somo ambalo haki zake hazijulikani hubaki palepale lilipoandaliwa, hata liwe zuri namna gani. Hiyo ndiyo hasara kubwa, na inaupata umma kabla haijampata mwalimu aliyelitengeneza.

Tuanze na sheria yenyewe, maana wengi tunaisikia juu juu. Tanzania Bara tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na ofisi ya COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na msimamizi wake ni KECOBO. Katika sheria hizi haki huanza pale kazi inapotungwa na kuwekwa kwenye maandishi, picha au sauti. Haingoji kusajiliwa wala kupigwa chapa. Kwa hiyo ukurasa usio na maneno "haki zote zimehifadhiwa" bado una mwenyewe. Na haki hiyo haiishii kwenye kunakili tu: kutafsiri, kufupisha, kugeuza hadithi kuwa mchezo wa kuigiza, kusambaza na kutangaza hewani, vyote ni maamuzi ya mwenye kazi. Muda wake ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert, kwa mfano, alifariki mwaka 1962. Kwa hesabu hiyo, haki katika tungo alizozichapisha akiwa hai zilifika ukomo hapa nchini mwishoni mwa mwaka 2012. Lakini toleo jipya la kitabu hichohicho laweza kuwa na utangulizi wa mhariri, maelezo ya msamiati na michoro iliyotengenezwa miaka ya karibuni, na hivyo vina wenyewe walio hai. Tena ziko nchi, Uingereza ikiwemo, zinazohesabu miaka 70, kwa hiyo kazi ya mtunzi wa Kiingereza yaweza kuwa huru Dar es Salaam na isiwe huru London. Anayekagua huuliza mambo mawili kwa pamoja: mtunzi ni nani, na ni sehemu gani hasa ya kitabu ninayoichukua.

Sasa, asitokee mtu akadhani sheria imemfungia mwalimu mlango. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama wake, unazipa nchi nafasi ya kuruhusu kazi itumike kama mfano wa kufundishia bila kumwomba mtunzi. Sheria yetu ya 1999 imeitumia nafasi hiyo. Inaruhusu kazi itumike kama kielelezo katika machapisho, matangazo au rekodi za kufundishia, mradi kiasi kinachochukuliwa kilingane na lengo, matumizi yawe ya haki, na chanzo pamoja na jina la mtunzi vitajwe. Sheria ya Kenya imekwenda hadi kwenye hesabu: mkusanyiko ulioandaliwa kwa ajili ya shule unaweza kuwa na vifungu vifupi visivyozidi viwili kutoka katika kazi moja, na mtunzi ashukuriwe humo. Mwalimu anayesoma aya moja ya riwaya na kuichambua na wanafunzi wake hana haja ya kuandika barua kwa mtu yeyote. Anachodaiwa ni kutaja jina la mtunzi, na deni hilo analilipa kwa sekunde chache.

Mahakama nazo zimewahi kuupa mlango huo uzito. Mwaka 2012 wachapishaji watatu wakubwa, Oxford University Press, Cambridge University Press na Taylor & Francis, walilishtaki duka la fotokopi la Rameshwari lililokuwa ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi, pamoja na chuo chenyewe. Duka lilikuwa likitoa kopi za sura zilizoagizwa na wahadhiri, likizifunga pamoja na kuwauzia wanafunzi. Ni biashara ileile tunayoiona nje ya lango la kila chuo chetu, ambako wanafunzi hununua madesa kila muhula. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliitupilia mbali kesi hiyo. Desemba mwaka huohuo jopo la rufaa lilikubali kwamba sheria ya India inaruhusu kunakili katika mafundisho, ila likarudisha swali moja lisikilizwe: je, kile kilichonakiliwa kilihitajika kweli kwa somo husika? Machi 2017 wachapishaji waliiondoa kesi. Kesi hii ina somo la pande mbili. Upande mmoja, elimu ina haki zake, na mwenye hakimiliki si mfalme wa kila karatasi. Upande wa pili, hata mahakama iliyowatetea wanafunzi kwa nguvu kiasi hicho ilibaki na kipimo chake: lengo la somo. Na tuwe waangalifu, maneno ya sheria ya India ni mapana kuliko ya kwetu. Uamuzi wa Delhi unatusaidia kufikiri, lakini hautupi ruhusa ya kunakili kitabu kizima Morogoro.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Msamaha huo ambao sheria inampa mwalimu umefungamana na kazi ya kufundisha na kiasi kile kinachohitajika. Unatosha kwa darasa la leo. Lakini masomo mazuri hayakai darasani. Mwalimu akiandaa mwongozo unaoeleweka, mwenzake atauomba. Chuo kitataka kuuweka kwenye tovuti, mchapishaji atataka kuutoa kitabu, wilaya itataka kuusambaza katika shule zote. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yalihamia redioni na kwenye televisheni kwa muda mfupi mno. Kila hatua ya namna hiyo huibua upya swali la ruhusa, na kwa uzito zaidi, kwa sababu kielelezo kimoja mbele ya wanafunzi 50 si sawa na sura nzima inayosomwa hewani kwa taifa. Asiyeandika mchoro wake alikoutoa atalazimika kuutafuta miaka mitatu baadaye, wakati kiungo cha intaneti kimeshakufa na jina la mchoraji limepotea. Mchapishaji makini hatakubali kuweka jina lake juu ya kitu cha namna hiyo. Kazi ya mwalimu ya muhula mzima inarudishwa kabatini kwa sababu ya picha nne.

Tazama sasa upande wa pili, pale ambapo ruhusa ilikuwa wazi tangu mwanzo. Nchini Afrika Kusini, wanafunzi wa shahada za juu wa Chuo Kikuu cha Cape Town walianza mwaka 2002 kuandika vitabu vya sayansi vya sekondari ambavyo mtu yeyote angeweza kuvinakili kisheria. Kazi hiyo iliendelezwa na Siyavula kwa leseni za wazi za Creative Commons, yaani masharti ya ruhusa yaliyoandikwa tayari ambayo mtunzi huyaambatanisha na kazi yake, na mwaka 2012 Wizara ya Elimu ya Msingi ya nchi hiyo ilianza kuvichapa vitabu vya hisabati na sayansi vya Siyavula na kuvigawa katika shule za serikali. Serikali haikuhitaji kuanza kusaka watunzi na wachoraji mmoja mmoja. Masharti yalikuwa yameshaandikwa ndani ya vitabu. Mfano mwingine ni African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, wenye hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Kwa kuwa leseni yake inaruhusu kutafsiri, Chuo Kikuu cha British Columbia kilichukua hadithi 40 kati ya hizo kikazitoa kwa lugha zinazozungumzwa na watoto wa wahamiaji Kanada, na Kiswahili kimo. Mtoto wa mkimbizi kutoka Kongo aliyeko Vancouver anaweza kusoma hadithi ya Kiafrika kwa lugha ya nyumbani kwao, kwa sababu mtu fulani aliandika sentensi moja ya ruhusa chini ya hadithi hiyo. Ukitaka ushahidi kwamba ruhusa ni chombo cha kusambaza elimu, ushahidi ni huo.

Lakini leseni hizo za wazi nazo zinasomwa, hazikisiwi. Herufi zinazoandikwa mwishoni mwa jina la leseni ndizo zenye masharti. BY inadai umtaje mtunzi. NC inakataza matumizi ya kibiashara. SA inataka kazi yako mpya nayo itolewe kwa masharti yaleyale. ND inaruhusu kusambaza kazi kama ilivyo na inakataza kusambaza iliyobadilishwa. Hii ya mwisho inatuhusu sana sisi watumiaji wa Kiswahili, kwa sababu kutafsiri ni kubadilisha. Shule nyingi za msingi za serikali Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, na sehemu kubwa ya maarifa ya bure kwenye intaneti iko kwa Kiingereza. Mwalimu akitafsiri kijitabu chenye ND na kukisambaza, amevuka mpaka ingawa nia yake ni njema. Kwa hiyo katika kutafuta nyenzo za kutafsiri, leseni iangaliwe kabla ya ubora wa picha. Vilevile, kazi yenye SA peke yake haichanganywi kuwa kazi moja mpya na kazi yenye NC na SA, kwa sababu kila moja inadai masharti yanayokatana na ya mwenzake. Na mwenye kutoa leseni hawezi kutoa asichokimiliki. Chuo kikuu cha MIT cha Marekani, kilichotangaza mpango wake wa masomo ya bure mwaka 2001, huweka ndani ya masomo hayo picha na majedwali ya watu wengine na kueleza bayana kwamba hivyo havimo katika leseni yake. Anayesoma ukurasa wa kwanza tu akaruka maelezo yaliyo chini ya picha atakuwa amechukua kisichotolewa.

Hata neno "kibiashara" lenyewe limewahi kufikishwa mahakamani. Great Minds, shirika lisilo la faida la Marekani, lilitoa vitabu vyake vya hisabati kwa leseni yenye NC. Shule za umma zilivipeleka kwa kampuni ya FedEx Office kutolewa kopi, na kampuni hiyo ililipwa kwa kazi yake. Great Minds walidai kwamba kampuni inayolipwa inafanya biashara. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ilisema hapana: shule ndiyo inayotumia leseni, na duka la kopi linamfanyia kazi mwenye ruhusa. Kwa wenye steshenari zetu kuna mwanga hapo, ingawa uamuzi huo hauzifungi mahakama za Afrika Mashariki. Tofauti kubwa ni kati ya duka linalotoa kopi kwa agizo la shule yenye ruhusa, na duka linalohifadhi kitabu cha mtu kwenye kompyuta na kumwuzia kila mpita njia.

Najua mapingamizi yapo, na yanastahili majibu. La kwanza ni kwamba kilichoko intaneti ni cha bure. Ni kweli kwamba unaweza kukifungua bila kulipa. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao yake ili mwanafunzi wa popote avisome, na ni jambo jema. Lakini ruhusa ya kusoma ni ruhusa moja, na ruhusa ya kuchapa upya, kukata sura na kuziuza ni nyingine. Anayezichanganya hizi mbili anawapa watoaji wa vitabu sababu ya kufunga milango ambayo leo iko wazi.

Pingamizi la pili lina uchungu zaidi: vitabu ni ghali, wanafunzi ni maskini, na wachapishaji wakubwa wa ng'ambo hawatakufa kwa kopi za Kigoma. Siwezi kuupuuza uchungu huo. Wenye kutunga sheria za dunia nao waliukubali, maana nyongeza ya Mkataba wa Berne ya mwaka 1971 iliziwekea nchi zinazoendelea utaratibu wa leseni za lazima za kutafsiri na kunakili kwa ajili ya elimu. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya na Tanzania zimejiunga nao, unaruhusu vitabu vigeuzwe kuwa nukta nundu au sauti kwa ajili ya wasioona bila kumwomba mwenye haki. Tuzidai na kuzitumia njia hizi. Lakini tujiulize pia ni nani anayeumia zaidi kopi za vitabu vizima zinapoenea. Mchapishaji wa Oxford ana soko la dunia nzima. Mchapishaji wa Kiswahili, kama Mkuki na Nyota iliyoanzishwa na Walter Bgoya Dar es Salaam mwaka 1991, anategemea wasomaji hawahawa wa kwetu. Mwandishi wa kitabu cha mazoezi ya sarufi hana soko jingine. Shule kumi zikinunua nakala moja moja na kutoa kopi zilizobaki, hakutakuwa na toleo la pili, na mtaala ukibadilika hakutakuwa na mtu wa kukiandika upya. Umaskini wa mwanafunzi hautibiwi kwa kumfilisi anayemwandikia kwa lugha yake.

Pingamizi la tatu ni muda. Mwalimu ana vipindi vingi, madaftari ya kusahihisha na vikao. Atapata wapi nafasi ya kuwa mwanasheria? Jibu langu ni kwamba kazi hii inapofanywa wakati wa kuchagua nyenzo ni ya dakika chache, na inapofanywa wakati wa kuchapa ni ya wiki nyingi. Fungua ukurasa wa hakimiliki, ule ulio nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, au nenda chini kabisa ya tovuti. Kama kuna leseni, isome na uilinganishe na unachotaka kufanya: kunakili, kutafsiri, kubadilisha au kuuza. Kama hakuna leseni, jiulize kama kiasi unachokitaka kinaingia kwenye msamaha wa sheria wa kufundishia. Kama hakiingii, tafuta nyenzo nyingine yenye leseni ya wazi, au andika barua. Barua hiyo iwe fupi: unataja kazi na kurasa, unasema utazitumia wapi, kwa nakala ngapi, kwa muda gani, kwa bei gani au bure, na jina la mtunzi utaliandikaje. Usipojibiwa, kumbuka kwamba ukimya si idhini. Chuo kinachotoa kopi kwa wingi hakilazimiki kumwandikia kila mtunzi. Kenya, kwa mfano, kuna KOPIKEN, inayotoa leseni za kunakili kwa niaba ya waandishi na wachapishaji.

Kisha weka kumbukumbu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na ruhusa nayo huisha hivyohivyo. Jedwali moja linatosha: jina la kazi, mtunzi, ilikopatikana, leseni, tarehe uliyoichukua, na ulichokibadilisha. Hifadhi pia picha ya ukurasa wenye leseni. Leseni za Creative Commons hazifutwi kwa yule aliyezipata akitimiza masharti, hata mtoaji akibadili nia baadaye, lakini utahitaji kuonyesha kwamba siku ile zilikuwepo. Jedwali hili ndilo litakalomwezesha mwalimu atakayekurithi kuendeleza somo badala ya kulitupa na kuanza upya.

Namalizia na upande wetu wenyewe. Mwalimu anayeandaa somo ni mtunzi pia. Maelezo yake, mazoezi yake na michoro yake vinalindwa na sheria ileile, na asiposema lolote, kila mwaminifu atakayevitaka atalazimika kumtafuta. Asome kwanza mkataba wake wa ajira, kwa kuwa kazi iliyoandaliwa kama sehemu ya ajira yaweza kuwa chini ya mwajiri. Akishajua haki iko wapi, yeye au taasisi yake iandike kwenye ukurasa wa kwanza jina, mwaka na ruhusa inayotolewa. Vyuo vya ualimu viliweke jambo hili katika mafunzo ya kuandaa zana za kufundishia, na wakuu wa shule waombe jedwali la vyanzo kila mwongozo mpya unapowasilishwa. Hakuna bajeti kubwa inayohitajika kwa hilo. Tunapokagua ruhusa za wengine na kuandika za kwetu waziwazi, tunajenga akiba ya masomo ya Kiswahili ambayo mwalimu wa Tabora, Mombasa au Bukavu anaweza kuichukua, kuitafsiri, kuirekebisha na kuichapa bila hofu. Msikilizaji, ukikaa kuandaa somo lako lijalo, anza kwa kusoma ruhusa.